Karangamuntu na Karanga

Mimi hapa Kinanira, Bujumbura, sina siri. Nilikuwa nazo chache, ndogondogo, za mtu wa hali ya chini. Zimekwisha. Zimechukuliwa moja moja, kwa fotokopi, na kila fotokopi nimeilipia mwenyewe.

Hesabu na mimi, jirani. Mwenye nyumba ana fotokopi ya karangamuntu yangu, yaani kitambulisho, mbele na nyuma. Shule ya watoto inayo, sijui ya nini, maana anayesoma si mimi. Kijana wa kutuma pesa pale kwenye kona ameandika namba ya karangamuntu hiyo kwenye daftari lenye picha ya mchezaji mpira, na daftari liko wazi juu ya meza, kila anayesubiri zamu anajisomea. Nani katuma ngapi, kwa nani. Na mlinzi wa ofisi moja huko mjini aliichukua yenyewe, ile orijino, akanipa kibao cha plastiki kimeandikwa VISITEUR. Nikaingia, nikatoka, kumbe zamu yake imeisha, droo kaifunga, ufunguo kaenda nao. Nikarudi nyumbani na kibao shingoni. Mama watoto akasema nisikirudishe, kinanifaa, kwa vile hata hela ya sokoni naitoa kama mgeni.

Halafu kuna kaye. Nyinyi wa Dar na Mombasa pengine hamuijui. Hapa Bujumbura kila nyumba ina daftari lake la watu wa nyumbani. Unaandika kila anayelala humo: jina, umri, kazi, namba ya karangamuntu. Mgeni naye akija anaandikwa. Tangu zile vurugu za 2015 kaye ndiyo kitu cha kwanza kuulizwa, polisi wakiizunguka karitie, yaani mtaa, alfajiri na nyinyi bado mna matongotongo. Aliye kitandani lakini hayumo kwenye kaye, ana maelezo marefu ya kutoa.

Mwenzako nikapata mgeni. Mama mkwe, katoka Makamba na mzigo wa ndizi. Nikachukua kaye, nikamuuliza umri wake kwa adabu zote. Akanitazama. Akaniuliza kama namwoa. Basi nikakisia mwenyewe, nikaandika 71, nikaona nimetenda haki. Asubuhi akamwita mjukuu amsomee alichoandikiwa na mkwe. Ndugu yangu, siku hiyo sikupewa ndizi. Nikafuta. Akataja mwenyewe. Sasa kwenye kaye yetu mama mkwe ana miaka 52 na binti yake, mama watoto, ana 44. Aliyekuja kukagua alisoma mara mbili, akamtazama bibi, akasema hongera.

Na kuna safu ya kazi. Hapo niliandika "mfanyabiashara" kwa mwandiko mzuri. Mama watoto alikuwa amesimama nyuma yangu. "Andika ukweli, hiyo ni karatasi ya serikali." Nikakata. Nikaandika "anatafuta". Wageni wote wanaokuja kwangu, wakipewa kaye waandike majina yao, wanaanza kwa kusoma safu yangu.

Bon. Tuje kwenye laini ya simu.

Zamani, jirani, nilikuwa tajiri wa laini. Moja ya bonasi ya usiku. Moja ya kumpigia shemeji. Moja ya kutopokea, na hiyo ndiyo mwenye nyumba aliyokuwa nayo. Mwaka 2016 ikaja amri ya waziri: mtu mmoja, laini moja kwa kila kampuni, na iandikishwe kwa kitambulisho. Wakasema ni usalama. Sawa. Nikapanga mstari, nikapiga fotokopi, nikaandikishwa. Mwenye nyumba akaipata namba ya kweli siku ile ile.

Sasa kuna siku simu ilinichomoka kwenye basi la Musaga. Nikaenda kuomba laini mpya, kwenye kampuni ambayo siitaji, maana bado wana namba yangu. Binti wa kaunta, mdogo kabisa, kucha za buluu. Akasema, mzee, taja namba tano ulizopiga mwisho. Nani anazijua namba? Namba inazijua simu, na simu iko Musaga. Namba ninayoijua kwa kichwa ni ya mama watoto, na hiyo siipigi, yeye ndiye anayenipigia. Binti akatikisa kichwa. Akageukia kompyuta yake akaanza kunisaidia, kwa sauti ya kutangaza mechi: "Kuna namba moja umeipiga sana, mzee, jioni jioni, inaishia na sufuri saba." Mstari wote ukanyamaza. Mimi natoka jasho. Mama mmoja wa kwetu Kinanira, nyuma kabisa, akajibu kwa niaba yangu: "Hiyo ya yule mama wa mishikaki." Ikabidi nikubali. Mishikaki, naapa, ilikuwa mishikaki tu. Lakini hebu nenda ukaape mbele ya mstari.

Hatujamaliza. Tarehe ya kuzaliwa? Kwenye karangamuntu yangu mimi kuna mwaka tu. Siku na mwezi, marehemu baba hakuona haja, mvua zilikuwa zinanyesha. Kompyuta lakini inataka siku. Aliyeniandikisha 2016 kanichagulia siku kichwani mwake, hakuniambia. Nikajaribu tarehe 1 Januari. Hapana. Nikajaribu 1 Julai, sikukuu ya uhuru, nikaona labda alikuwa mzalendo. Hapana. Binti akanionea huruma, akasema maneno ambayo mpaka leo nayatafuna: "Mzee, taarifa zipo, ila wewe hulingani nazo."

Unaona? Mlinzi ananijua. Mama wa nyuma ya mstari ananijua. Kompyuta inanijua. Mgeni wa mambo yangu ni mimi peke yangu.

Nikarudi kwa miguu, roho imesinyaa, nikaona nijipoze na karanga. Kuna mtoto anauza njiani jioni, kazipanga kwenye sinia, kila fungu kwenye kikaratasi kilichokunjwa pembe. Faranga mia tano. Nakula. Namaliza. Nakunjua karatasi niokote zile za chini zilizojificha kwenye chumvi, nakutana na jicho. Jicho nalifahamu. Nakunjua zaidi, pua. Pua ya ukoo wetu, haina mfano wake. Jirani, nilikuwa nimejishika mkononi. Fotokopi ya karangamuntu yangu, jina la baba, jina la mama, kilima nilikozaliwa, dole gumba langu limepauka, na doa la mafuta kwenye kidevu. Uso wangu pamoja na karanga, mia tano, na wote tunajua bei ilikuwa ya karanga.

Imefikaje huko? Sijui. Kati ya wote niliowapa, yeyote anaweza kuwa alisafisha kabati, akauza makaratasi kwa kilo. Nikamuuliza mtoto kama anazo nyingine. Anazo, rundo, chini ya sinia. Nikasema nazinunua zote bila karanga. Mtoto kuona nina haraka, akapandisha bei. Watoto wa siku hizi. Nikabahatika kununua chache. Moja ilikuwa ya jirani yangu wa ukuta mmoja, yule anayejidai kazaliwa Rohero na hajawahi kushika jembe. Nimekiona kilima chake. Ni mbali, jamani. Gari halifiki. Karatasi yake nimeihifadhi vizuri sana, kwa usalama wake.

Chumba cha nyuma kwangu anapanga kijana anayesoma sheria. Nikampelekea ile karatasi yenye mafuta. Nikamwambia, weye si unasoma, haya nisaidie, nani nimshitaki. Akavaa miwani. Akasema: mzee, kuna Katiba, ibara ya 43, inalinda familia yako, nyumba yako, barua zako na mawasiliano yako, mtu asiyaingilie ovyo. Nikafurahi. Nikamwambia endelea. Akaendelea: siri ya mawasiliano inalindwa kwa namna na masharti yatakayowekwa na sheria. Nikaacha kufurahi. Nikamuuliza hayo masharti yamewekwa? Yamewekwa, anasema. Kuna sheria ya mwenendo wa kesi za jinai ya 2018, imewafungulia wapelelezi mlango wa kusikiliza mawasiliano ya watu. Tena kuna sheria nambari 1/10 ya tarehe 16 Machi 2022, ya kuzuia na kuadhibu uhalifu wa mtandao, hiyo inawashika wanaoingia kwenye kompyuta za watu bila hodi.

"Na karanga?"

Akafungua kitabu, akafunga. "Karanga si kompyuta, mzee."

Hiyo ya kusikilizwa, nikwambie ukweli, hainikoseshi usingizi kwa ajili yangu. Namhurumia atakayepewa faili langu. Kijana wa watu, kasoma, ana mke, anawekewa spika masikioni kumsikiliza mama watoto akiniuliza ndagala nimenunua kilo nzima au nimepunjwa tena. Saa nzima. Atajua kwamba nimepunjwa. Hata yeye atanicheka, na atalipwa kwa kunicheka.

Sasa nikiwa na unyonge huo, shemeji wa Nairobi akapiga kwenye simu ya mama watoto. Shemeji huyu anapenda sheria kuliko anavyopenda kulipa madeni. Akasema, shemeji, uko nchi gani wewe, huku kwetu data ni mali! Kenya, anasema, wana sheria ya kulinda data tangu Novemba 2019, na kamishna wake, na ofisi yake, na faini zake. Septemba 2023 baa moja ya Nairobi, Casa Vera Lounge, ilipigwa faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja wake bila idhini. Na wiki hiyo hiyo shule, Roma School, 4,550,000, kwa picha za watoto bila kuwauliza wazazi. Na kampuni ya mikopo ya simu, Mulla Pride, 2,975,000. Hao walikuwa wanatumia majina na namba za watu walizopewa na wengine, na kuwasumbua kwa simu.

Ya shule nikaipita. Ya mikopo nikaipita haraka zaidi, shemeji mwenyewe ananidai. Ya baa nikasimama. Kwa sababu mimi, jirani, nimebandikwa.

Kuna kabare hapa Kinanira, yaani baa, jina naliacha. Ukutani wana tangazo kubwa la rangi, bia na mishikaki, na aliyeshika mshikaki ni mimi. Mdomo wazi. Macho yamefumba kwa utamu. Sijui walinipiga lini, lakini shati nalijua na siku naijua, maana siku hiyo nilikuwa Gitega kwenye kilio. Ndivyo nilivyoaga nyumbani. Mama watoto alipita pale na mama mkwe, wakasimama chini ya tangazo, wakalisoma lote, hata bei. Jioni wakaniuliza marehemu kazikwa salama?

Sasa nikajaribu kuigeuza milioni moja na laki nane za Kenya ziwe faranga zetu. Sufuri hazikutosha kwenye kioo cha simu. Nikavaa lile shati, liwe ushahidi. Nikaenda kwa mwenye kabare, nikamweleza kwa sauti ya kamishna: picha ni mali, idhini sikutoa, Nairobi watu wanalia. Akanisikiliza vizuri, bwana yule ana adabu. Akasema mzee una haki kabisa. Akaniletea Primus moja baridi, bure. Na nilipokuwa naipokea, akanipiga picha.

Iko ukutani. Mbili sasa.

Shemeji nilipomsimulia akacheka mpaka akakohoa, lakini na yeye ana lake. Agosti 2023 watu wa Worldcoin walipokuwa wanapiga picha mboni za macho pale KICC, kwa pesa za kidijitali za kama shilingi elfu saba hivi, Nairobi nzima ilipanga mstari. Shemeji wangu, mpenda sheria, mlinzi wa data, alilala njiani awahi. Hakuwahi. Serikali ikasimamisha zoezi tarehe 2 Agosti na macho yake yakiwa bado kichwani, hayajauzwa. Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data zile za mboni zifutwe. Shemeji anasema ndio uchungu wenyewe: angekuwa ameshakula elfu saba, na macho yake mahakama ingemrudishia.

Sisi lakini usituone washamba kabisa. Mambo ya mitandao tumeyapitia. Mwaka 2015, mwisho wa Aprili, watu wakiwa barabarani, WhatsApp na Facebook zilizimwa kwenye simu. Na siku ya uchaguzi, tarehe 20 Mei 2020, zikazimwa tena. Asubuhi naamka, naandika salamu kwa kundi la familia, kinabaki kisaa kidogo, tiki haiji. Vijana wakaniambia pakua VPN, mzee. Nikapakua, ya bure. Ikaniuliza inaweza kusoma majina yangu ya simu? Ndiyo. Picha? Ndiyo. Mahali nilipo? Ndiyo, ndiyo, nina haraka. Nilibofya ndiyo kwa kila kitu, nikakosa kusoma hata mstari, kwanza ilikuwa Kiingereza. Ikafunguka. Ikasema niko Amsterdam. Mama watoto alikuwa anachungulia begani. Akanyamaza kidogo. Akasema: "Gitega ile, au Amsterdam nyingine?"

Nije kwenye kundi lenyewe, maana hapo ndipo usingizi umenitoka kweli.

Kundi la familia yetu lina watu wengi kuliko harusi. Na admini ni mimi. Sikuomba. Binamu aliyelianzisha alihamia Kanada, akaondoka kwenye kundi usiku, na asubuhi nikaamka nimevishwa uadmini. Nilidhani ni cheo. Nikavaa na tai siku hiyo. Kijana wa sheria ndiye aliyenipasulia: mzee, jihadhari na makundi, maneno yakichafuka ataitwa mwenye kundi. Akanikumbusha Agosti 2016, hapa hapa Bujumbura, watu 54 walikamatwa wakiwa baa, wanachama wa kundi moja la WhatsApp, wakidaiwa kusambaza maneno ya kuikashifu serikali. Wengi wakaachiwa. Wanane wakabaki ndani.

Hapo sikucheka. Ilikuwa jioni, nikazima simu, nikawasha, nikazima. Nikaanza kulikagua kundi langu mtu kwa mtu. Na mimi ndiye nimewabeba.

Kuna baba mdogo wa Uvira. Huyo kila linalopita anasambaza. Limeshasambazwa mara nyingi, mishale miwili juu, yeye analipokea jipya kabisa. Dawa ya kisukari. Waziri kafanya hivi. Nyoka ana vichwa viwili. Jenerali kasema vile. Hana chuki, baba mdogo, anapenda tu kuwa wa kwanza. Kisha kuna shangazi wa Kigoma. Tanzania walipolazimisha laini ziandikishwe kwa alama za vidole, mwisho ikawa Desemba 31, 2019, wakasogeza mpaka Januari 20, 2020, shangazi alienda akabonyeza, mashine ikakataa. Akabonyeza vyote kumi. Vidole vya shangazi vimekesha na magamba na chumvi tangu ujana, alama zimesuguliwa zikaisha, mashine ikatazama ikaona hakuna mtu. Laini yake mpaka leo iko kwa dole la mpwa, dereva wa bodaboda. Kwa hiyo kwenye kundi langu, mimi admini, kuna mwanamke wa Kigoma ambaye kisheria ni kijana wa bodaboda.

Juzi usiku baba mdogo katupia moja. Siandiki hapa ilisema nini, nina watoto. Nikaona jasho linanishuka. Nikakumbuka admini ana uwezo wa kufuta. Nikabonyeza, nikashikilia, ikaniuliza: kufuta kwa wote, au kufuta kwangu? Mikono inatetemeka. Nikabofya. Ikapotea. Nikashusha pumzi, nikaita mama watoto nimwonyeshe jinsi kichwa cha nyumba kinavyofanya kazi. Akachukua simu yake. Ujumbe upo palepale, na watu wanacheka chini yake, vikaragosi vya machozi, mstari mzima. Nilikuwa nimefuta kwangu. Wote wanauona, isipokuwa mwenye kundi.

Basi nikaamua, potelea mbali, natoka. Nikaandika kwa adabu: ndugu zangu wapendwa, kwa sababu za kiafya naomba kupumzika uadmini na kundi. Nikabonyeza kutoka. Nikasikia mwili mwepesi. Nikaweka simu chini, nikaomba chai.

Chai haijapoa, simu ikalia, shangazi wa Kigoma. "Mwanangu, unaumwa nini? Sukari? Baba yako mdogo ameshaandika unaumwa sukari, watu wanachanga." Nikamwambia siumwi, shangazi, ni mambo ya sheria, naogopa. Akasema sheria gani tena hizo. Nikamweleza yote, ibara, mwaka 2018, mwaka 2022, Nairobi, mboni za macho. Alikuwa kimya, nikajua ameelewa. Halafu akasema, "Ngoja, mwanangu, nilikuwa nabonyeza hapa. Tayari. Nimekurudisha."

Nikaangalia. Nimeongezwa. Na chini yake, kwa herufi ndogo: sasa wewe ni admini.